Hesabu Sekunde Kabla Hujaita Fundi

Mwezi wa saba, msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, alikuja dukani kwangu Bomang'ombe mama mmoja kutoka Rundugai na binti yake aliyemaliza kidato cha sita. Tulikuwa tumeshaskani cheti cha kuzaliwa na kujaza taarifa za mdhamini. Kilichobaki ni kutuma. Skrini ikawa nyeusi. Nikawasha, mashine ikakaa kidogo, ikazima. Nikawasha tena, ikazima tena. Mama akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, turudi kesho?" Kurudi kesho kulikuwa na maana ya nauli nyingine ya watu wawili na siku nyingine ya shamba kukosa mtu.

Nilipanda Noah na ile mashine hadi Moshi. Fundi akaitazama dakika chache, akasema bodi imekufa. Nikanunua kompyuta nyingine. Miezi mingi baadaye, nikiwa nimeshajifunza kidogo kidogo kwa kufungua na kufunga, niliitoa ile ya zamani stoo, nikakuta kitufe chake cha kuwashia kinanata. Bodi ilikuwa nzima. Tangu hapo nina kanuni moja, na ndiyo ninayokuletea: kabla hujashika bisibisi, na kabla hujatoa hela, hesabu mashine inakaa muda gani ndipo inazima. Muda huo ndio utakaokuonyesha pa kuanzia.

Fungua saa ya kuhesabia kwenye simu. Bonyeza kitufe cha kompyuta na cha saa kwa pamoja. Rudia mara tatu, ukiipumzisha mashine kama dakika kumi kila mara, na kila jibu uliandike kwenye karatasi. Andika pia kama feni ilizunguka, kama kulikuwa na mlio, taa ya mbele ilikuwa na rangi gani, ulikuwa unafanya kazi gani, na ilikuwa saa ngapi za mchana. Hilo la mwisho watu hulipuuza, na kwenye duka langu ndilo lililofumbua fumbo kubwa kuliko yote.

Hakikisha pia kwamba kweli imezima. Sogeza sikio kwenye kasha. Kama feni bado inanguruma na taa ya mbele inawaka, kilichozima ni skrini au waya wake. Kama taa inapepesa polepole na mashine inaamka ukigusa kibodi, ilikuwa imelala tu ili kuokoa umeme, na dawa yake iko kwenye mipangilio ya Windows. Kama inajizima kisha inajiwasha yenyewe na kuanza upya, hiyo ni habari tofauti kidogo, nitaigusa baadaye.

Neno moja la lugha. Hapa kwetu kasha lote lililosimama chini ya meza huitwa sipiyu. Fundi naye akisema sipiyu, huenda anasema kasha, huenda anasema ile chipu iliyo katikati ya bodi. Mimi nitasema kasha na prosesa. Wewe ukiambiwa sipiyu imekufa, uliza ipi.

Anza nje ya kasha

Umeme wetu ni wa volti 230, mawimbi 50 kwa sekunde. Kila wimbi huchukua milisekunde 20. Pawa saplai ya kompyuta ikiwa imebebeshwa mzigo kamili hutakiwa kushikilia mashine kwa takriban milisekunde 16 umeme ukikatika, yaani hata wimbi moja halitimii. Ndiyo maana taa inaweza kupepesa kiasi cha wewe kutoiona vizuri, feni ya darini ikaendelea kuzunguka, redio ya jirani ikaendelea kuimba, na kompyuta yako ikawa imeshazima. Mteja atasema mashine ni mbovu, nawe utakubaliana naye, kumbe umeme ndio ulioteleza.

Bomang'ombe ina mashine za kusaga, gereji, mafundi wa kuchomelea na seremala wenye randa za umeme, wengi wao wakiwa kwenye laini moja na maduka. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia. Kwa muda huo mfupi volti za majirani wote hushuka. Mimi niliandika saa za kuzima kwenye daftari la madeni kwa wiki mbili. Zikajikusanya zenyewe: asubuhi kuanzia saa nne, tena alasiri, siku za kazi. Jumapili, siku ambayo mashine ya kusaga ya mtaa wa nyuma hufungwa, kompyuta haikuzima hata mara moja. Sikuhitaji fundi wa kompyuta. Nilihitaji stabilaiza nzuri.

Kama hujawahi kupima umeme wa ukutani kwa malitimita, usianzie leo. Kuna vipimo vidogo vya kuchomeka kwenye soketi vinavyoonyesha volti kwa namba, na stabilaiza nyingi zina kioo cha namna hiyo. Kiache kimechomekwa mchana kutwa, ukitazame kila kazi inapopungua. Ukiona namba inaanguka chini ya 200 mara kwa mara, au inapanda na kushuka kama pumzi, anza kutibu umeme kwanza. Ukiweza, beba kompyuta uitumie siku nzima mahali penye laini nyingine, nyumbani kwako au kwa ndugu. Ikikaa kutwa bila kuzima, kasha halina kosa.

Kisha nyaya. Ekstensheni iliyochomekwa juu ya ekstensheni nyingine, ambayo nayo imechomekwa kwenye soketi iliyolegea, ni ugonjwa wa maduka yetu mengi, langu likiwemo kwa miaka. Toa vyote. Chomeka kompyuta peke yake moja kwa moja ukutani. Tazama meno ya plagi: kama yameungua rangi au plastiki imelainika, hapo palikuwa panacheza. Waya unaoingia nyuma ya kasha ni wa aina ileile inayotumika kwenye skrini nyingi, kwa hiyo badilishana, wa skrini uende kwenye kasha. Jaribio hilo halina gharama, na limewahi kunimalizia tatizo saa hiyohiyo.

UPS, kile kifaa chenye betri cha kushikilia umeme, inastahili maneno zaidi, kwa sababu watu huinunua iwalinde, halafu yenyewe inageuka kuwa mzimaji. Ndani yake kuna betri ya asidi, mara nyingi ya volti 12, ambayo huishi miaka 3 hadi 5, na pungufu ya hapo ikikaa kwenye joto. Betri ikichoka, taa za UPS zinaweza kuendelea kuwaka vizuri tu. Umeme ukishuka kidogo, UPS inahamia kwenye betri isiyo na kitu, na kila kilichochomekwa kinazima papo hapo. Bila UPS huenda mashine ingevumilia mshuko ule. Jaribu siku mbili tatu ukiwa umeiweka pembeni. Na kama una steshenari, tafadhali usichomeke printa ya leza wala mashine ya fotokopi kwenye UPS ya kompyuta. Ile sehemu inayopasha karatasi moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS ndogo hulemewa, na inazima vyote. Ukiona kompyuta inazima kila unapobonyeza kuprinti, umeshapata jibu.

Wanaotumia jenereta ndogo za petroli au inveta za bei nafuu za sola wana shida ya kwao. Vifaa hivyo vingi havitoi wimbi laini kama la gridi. Hutoa wimbi lenye kona, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hulikataa kabisa, zikazima umeme unapohamia huko. Wakati wa kununua inveta uliza kama inatoa wimbi laini, na mwambie muuzaji uko tayari kuirudisha.

Na kuna jambo la hatari. Mkoa wetu hupokea wageni wengi, na baadhi yao huleta kompyuta za msaada kutoka Marekani kwa ajili ya shule na makanisa. Huko umeme ni wa volti takriban 120. Tazama nyuma ya kasha, karibu na mahali waya unapoingia. Ukiona swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, iliyoandikwa 115, usichomeke. Isogeze kwa bisibisi hadi isomeke 230 ndipo uendelee. Ukichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia mlipuko na kunusa harufu ya kuungua. Nimeshuhudia hilo kwenye chumba kilichojaa watoto waliokuwa wamesubiri wiki nzima kuziona mashine zao. Pawa saplai iliyoandikwa 100–240 haina shida hiyo. Hujirekebisha yenyewe, tena huvumilia umeme mdogo vizuri zaidi, kwa hiyo ukichagua mashine ya mtumba soma lebo hiyo kabla ya kuulizia ukubwa wa diski.

Chini ya sekunde moja

Unabonyeza, feni inashtuka kama mtu aliyeguswa usingizini, inasimama. Pawa saplai imeona umeme unakimbilia mahali pasipopaswa, ikajifunga ili isiunguze kitu. Hapo usiendelee kubonyeza bonyeza.

Chomoa waya wa ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kasha, gusa chuma chake kwa mkono kabla ya kugusa kitu kingine, hasa kiangazi hewa ikiwa kavu. Sasa chomoa kila kisichohitajika: printa, flashi, diski, kiendesha sidii, kadi ya picha kama mashine ina sehemu yake ya picha kwenye bodi. Washa. Ikikaa, rudisha kimoja kimoja hadi ikatae, na kile cha mwisho ndicho kibaya. Tazama matundu ya USB ya mbele, yanayochomekwa flashi za watu mia kwa mwezi: vipande vya chuma vya ndani vikipinda vikagusana, mashine nzima hukataa. Tazama kama kuna skrubu iliyodondoka chini ya bodi. Tazama wadudu pia. Mende hupenda joto la pawa saplai, na mjusi aliyekaukia humo anatosha kuunganisha nyaya mbili.

Lakini pawa saplai yenyewe, lile sanduku la chuma, usilifungue. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa humo hufikia kilele cha karibu volti 325, na kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Hapo hata mafundi wazoefu huwa na heshima.

Ukitaka kujua kama pawa saplai inaamka, ichomoe kabisa kutoka kwenye bodi. Kwenye plagi pana ya nyaya 24 kuna waya mmoja tu wa kijani. Ukiwa umechomoa umeme, unganisha tundu la kijani na tundu lolote la waya mweusi kwa kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, kisha chomeka. Feni ikizunguka, inaamka. Kuamka si sawa na kubeba mzigo, kwa hiyo usiitangaze kuwa nzima kwa jaribio hilo peke yake. Na usifanye hivyo kwenye Dell na HP nyingi za ofisini za kuanzia karibu 2013, ambazo plagi zake zina nyaya chache na mpangilio wake wenyewe. Dell nyingi za namna hiyo zimekurahisishia: nyuma, karibu na waya wa umeme, kuna kitufe kidogo na taa ya kijani. Chomoa pawa saplai kutoka kwenye bodi, bonyeza. Taa ikiwaka, sanduku limejipima na kujikuta li hai.

Sekunde nne

Hii ndiyo iliyonipotezea hela yangu, kwa hiyo naipa nafasi.

Kompyuta zote za mezani za zama hizi zimepangwa hivi: ukishikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde nne au zaidi, mashine inazima kwa nguvu bila kumuuliza mtu. Ni njia ya kuiokoa ikiganda. Sasa fikiria kitufe cha kasha lililofanya kazi Ulaya miaka mitano na Bomang'ombe miaka sita. Vumbi limeingia, soda ya mtu ilimwagika, plastiki imechoka. Unabonyeza, kinaingia, hakirudi. Bodi inaona mtu ameshikilia kitufe. Inahesabu sekunde nne, inazima. Fundi anaona mashine inayowaka na kufa kabla ya kuonyesha chochote, anasema bodi.

Kama saa yako imesoma nne au tano kila mara bila kubadilika, bonyeza kitufe kwa ukucha na usikilize kama kinarudi. Kipimo cha uhakika ni kufuata nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye kitufe hadi kwenye bodi, kuchomoa kiplagi chake, na kugusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja tu. Mashine itawaka. Ikikaa, mshitakiwa ni kitufe. Kisafishe kwa spiriti na mswaki, au hamisha nyaya zitumie kile kitufe kidogo cha kurestati kama kasha lina nacho, nacho kikawa cha kuwashia. Yangu iko hivyo hadi leo.

Dakika chache hadi nusu saa

Mashine inayokaa dakika tano, kumi, ishirini, kisha inazima, na ukiiwasha papo hapo inakaa muda mfupi zaidi kuliko mwanzo, ina joto. Ile ya pili kuwa fupi ndiyo alama kubwa, kwa sababu safari ya pili inaanzia kwenye chuma ambacho tayari kimepashwa. Ukiiacha ipoe saa nzima, inakaa tena zile ishirini. Prosesa nyingi huvumilia hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Kabla ya hapo hupunguza mwendo zenyewe, mashine ikawa nzito na feni ikapiga kelele, na zikizidiwa hukata umeme ili zisiungue.

Wenzetu wa Machame wana mvua na migomba. Sisi huku chini tuna upepo na vumbi. Kuanzia Januari hadi masika yaanze, na tena Agosti na Septemba, vumbi hupita chini ya mlango hata ukilaza gunia. Ndani ya kasha linachanganyika na vumbi la karatasi, linakuwa kama blanketi juu ya bamba la kupozea prosesa. Feni inazunguka juu, hewa haipiti chini. Ukitazama haraka utasema feni ni nzima. Ing'oe uone kilicho chini yake.

Njia ya mkato ya watu wengi ni kupeleka kasha gereji likapulizwe na kompresa ya matairi. Sikukatazi, maana nami nimefanya, ila kwa masharti. Mwambie mwenye kompresa akamue maji yaliyolala kwenye tangi na apulizie pembeni kwanza, kwa sababu upepo ule hutoka na matone. Simama mbali kidogo. Zuia kila feni kwa kidole au kijiti isizunguke, kwani upepo wa nguvu huizungusha kupita uwezo wake, ikaua bearingi na hata kurudisha umeme kwenye bodi. Ukiwa na subira, brashi laini ya rangi isiyowahi kutumika, nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, inafanya kazi nzuri zaidi.

Tazama jinsi bamba lilivyokaa. Kwenye mashine nyingi zilizoungwaungwa linashikiliwa na vijiti vinne vya plastiki vinavyosukumwa hadi vilie. Kimoja kikichomoka, mara nyingi baada ya safari ya bodaboda, kona moja inainuka na prosesa inapumua moto. Likiguswa likicheza, umeshapata. Ukiling'oa, lazima ubadilishe pesti iliyo kati yake na prosesa: futa ya zamani kwa spiriti na kitambaa safi, weka mpya kiasi cha punje mbili za mchele katikati, rudisha bamba likakandamize lenyewe. Ukipaka nyingi kama siagi unaifanya kazi ya kupoza kuwa ngumu.

Na tazama mahali kasha linapokaa. Duka la bati lisilo na dari, saa nane mchana, kasha limesukumwa ndani ya kabati la meza ili wezi wasilione: hata mashine mpya itazima. Litoe, linyanyue juu ya tofali mbili kutoka sakafuni, liache upana wa viganja viwili nyuma.

Mashine zenyewe husaidia. Dell nyingi zikiwashwa tena huandika kwenye skrini kwamba zilizima kwa sababu ya joto. HP Compaq za ofisini za kati ya karibu 2006 na 2014 hupepesa taa nyekundu pamoja na milio: mara 2 ni joto, mara 4 ni umeme wa pawa saplai, mara 5 ni RAM, yaani kadi ya kumbukumbu. Hesabu kabla hujaizima.

Wakati wowote, bila mpangilio

Hapa panahitaji uvumilivu. Leo inakaa saa sita, kesho dakika moja. Umeshauondoa umeme wa nje kwenye orodha, umeshasafisha, kitufe kinarudi. Wanaobaki ni pawa saplai iliyozeeka, kapasita za bodi, na RAM.

RAM ndiyo rahisi. Itoe, sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, pangusa, rudisha hadi vishikizo vya pembeni vilie vyenyewe. Zikiwa mbili, tumia moja moja, siku moja kila moja. Hapo pia ndipo pa kuanzia kwa ile mashine inayojizima na kujiwasha yenyewe. Na hakikisha ile plagi ndogo ya nyaya nne au nane iliyo karibu na prosesa imezama yote.

Kapasita ni vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye bodi. Kichwa cha kila kimoja kinapaswa kuwa bapa. Kikituna kama mfuniko wa maziwa yaliyochacha, au kikitoa ute wa kahawia, kimekufa. Mashine ya namna hiyo mara nyingi hukataa asubuhi ikiwa baridi, ukaiwasha mara nne tano, halafu ikishapata joto inakaa kutwa. Ni kinyume kabisa cha ugonjwa wa joto, na ndiyo maana nimekuomba uandike muda. Ugonjwa huu una historia inayotuhusu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilipata kapasita zilizotengenezwa vibaya, na zilijaa kwenye kompyuta za ofisini, zikiwemo Dell OptiPlex GX270 na GX280. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola za Marekani milioni 300 kugharamia matengenezo. Ofisi za Ulaya na Marekani zilipobadilisha mashine, za zamani zikapanda meli. Baadhi bado ziko kwenye maabara za shule huku kwetu. Fundi redio mzuri hubadilisha kapasita kama hizo kwa risasi na chuma cha moto, mradi zilingane volti na ujazo, na upande hasi usigeuzwe.

Pawa saplai pima ikiwa inafanya kazi. Kwenye plagi ya zamani ya diski yenye nyaya nne, weka malitimita upande wa umeme wa moja kwa moja: mweusi na wa njano unatakiwa usome kati ya 11.4 na 12.6, mweusi na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Fungua programu nyingi kwa pamoja huku ukitazama. Namba ikizama chini ya hapo mzigo unapopanda, badilisha sanduku zima. Usinunue jipya jepesi la bei ya kutupa. Pima uzito mkononi, maana lililojaa shaba na kapasita kubwa haliwi jepesi kama kopo tupu. La mtumba kutoka kwenye Dell au HP inayofanana na yako naliamini zaidi.

Mambo mawili husingiziwa sana. Kibetri cha duara cha volti 3 kilicho kwenye bodi kikiisha, saa na tarehe hupotea na mashine huuliza maswali inapoamka. Kibadilishe, ni bei ndogo, ila usitegemee kitaponya kuzima. Na ukifungua kumbukumbu za Windows kwa kuandika eventvwr, utaona mstari mwekundu wa Kernel-Power namba 41. Mtu akikuonyesha huo na kusema ndio ugonjwa, ujue mstari huo unasema tu kwamba mashine ilizima bila kuagwa. Unafaa kwa saa na tarehe zake tu. Zinakili zote kwenye daftari, ulinganishe na saa za mashine ya kusaga.

Ukiamua kwenda kwa fundi

Nenda na karatasi yako. Mwambie: inakaa sekunde hizi, nimejaribu laini nyingine, nimetoa UPS, nimebadilisha waya, RAM nimejaribu moja moja. Fundi mwenye kujua atafurahi, kwa sababu umempunguzia nusu ya kazi. Akisema bodi imekufa, mwombe akuonyeshe, na kifaa alichokitoa akurudishie.

Kabla hujatoka nyumbani chomoa diski, ina vyeti na vitambulisho vya watu waliokuamini, na kuzima kunaweza kupimwa bila hiyo. Kwenye gari usilisimamishe kasha miguuni. Lilaze ubavu kwenye mapaja yako, upande wa bodi ukiwa chini, ili bamba zito la prosesa liikalie bodi badala ya kuning'inia kila gari linaporuka tuta kuanzia Kwa Sadala hadi mjini.